Je, jimbo linaweza kujitenga na shirikisho kwa mujibu wa sheria?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: ikiwa jimbo liliingia katika shirikisho kwa hiari yake, kwa nini lisiruhusiwe kutoka kwa hiari hiyo hiyo? Na ikiwa wananchi wake walio wengi wamepiga kura ya kuondoka, ni sheria gani inayoweza kuwazuia?

Ndugu msomaji, jibu fupi ni kwamba katika mashirikisho karibu yote duniani jimbo halina haki ya kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, ila katika mengi kati ya hayo linaweza kutoka kihalali iwapo washirika wenzake wataridhia. Jibu refu linahitaji kwanza tukubaliane kuhusu sheria tunayoizungumzia. Kuna katiba ya shirikisho lenyewe, na kuna sheria ya kimataifa. Ya kwanza inaweza kukataza jambo ambalo ya pili haina neno juu yake. Ubishi mwingi ninaousikia kuhusu suala hili hutokana na mtu mmoja kuzungumzia katiba, mwenzake sheria ya kimataifa, na wa tatu nani mwenye jeshi kubwa zaidi.

Hoja yako ya hiari si ngeni. Ndiyo hiyo hiyo iliyotolewa na jimbo la South Carolina lilipotangaza kujitenga na Marekani tarehe 20 Desemba 1860, likifuatwa na mengine mpaka yakafika 11. Wanasheria wa majimbo hayo walisema kwamba katiba ni mkataba baina ya dola huru, na kwamba aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Rais aliyekuwa madarakani, James Buchanan, aliliambia Bunge kwamba majimbo hayana haki ya kujitenga, lakini akaongeza kwamba serikali ya shirikisho nayo haina mamlaka ya kuyalazimisha kubaki, msimamo uliompa kila upande nusu ya jibu. Abraham Lincoln alipoapishwa tarehe 4 Machi 1861 alitamka waziwazi kwamba hakuna jimbo linaloweza kutoka kihalali kwa uamuzi wake tu. Vita vikafuata, na vilipokwisha mwaka 1865 swali la kisheria lilikuwa bado halijapata hukumu.

Hukumu ilikuja mwaka 1869, na ilitokana na shauri lililohusu fedha. Mwaka 1851 Texas ilikuwa imepokea kutoka serikali ya shirikisho hati fungani zenye thamani ya dola milioni 5, sehemu ya malipo ya kumaliza madai yake ya mipaka. Sheria ya jimbo hilo ilitaka kila hati iidhinishwe kwa sahihi ya gavana kabla ya kuuzwa. Wakati wa vita bunge la Texas iliyokuwa imejitenga likalifuta sharti hilo, na mwanzoni mwa 1865 bodi ya kijeshi ya jimbo ikaziuza baadhi ya hati kwa wafanyabiashara wawili, White na Chiles, ili ipatiwe vifaa vya kuchambulia pamba na dawa. Vita vilipokwisha, serikali mpya ya Texas ilifungua kesi kuzidai hati zake. Kwa kuwa kesi ilipelekwa moja kwa moja katika Mahakama ya Juu ya Marekani, mlalamikaji alipaswa kuwa jimbo la Marekani; wadaiwa wakajitetea kwamba Texas ilikwisha kujitoa, hivyo haina hadhi ya kushtaki mahakamani humo. Ndipo majaji wakalazimika kujibu swali ambalo miaka minne ya vita haikulijibu kisheria: je, Texas iliwahi kutoka?

Jaji Mkuu Salmon Chase alijibu kwamba haikutoka. Alieleza kwamba makubaliano ya kwanza ya majimbo, yaliyoanza kutumika mwaka 1781, yaliuita muungano huo wa kudumu, na kwamba katiba ya 1787 ilitungwa ili kuufanya uwe kamili zaidi. Muungano wa kudumu uliofanywa kuwa kamili zaidi, alihoji, utavunjikaje? Katiba, akaandika, katika vifungu vyake vyote inakusudia muungano usioweza kuvunjika wa majimbo yasiyoweza kuvunjika. Kwa hiyo tangazo la kujitenga lilikuwa batili, na Texas ilibaki kuwa jimbo muda wote, hata wakati serikali yake ilipokuwa ikipigana dhidi ya Muungano. Majaji watano walikubaliana na uamuzi huo na watatu wakapinga. Mmoja wa waliopinga, Jaji Grier, alisema kwamba Mahakama inapaswa kuutazama ukweli ulivyo: Texas wakati ule haikuwa na mwakilishi hata mmoja katika Bunge la Marekani na ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, kwa hiyo kuiita jimbo ni kujidanganya.

Wengi wanaoinukuu hukumu hiyo huishia kwenye sentensi ya muungano usiovunjika. Sentensi inayofuata muda mfupi baadaye ina uzito mkubwa zaidi kwa swali lako: Chase alisema hapakuwa na nafasi ya kutengua uamuzi wa kujiunga isipokuwa kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo. Kilichozuiwa, basi, ni kutoka kwa uamuzi wa upande mmoja. Ridhaa hiyo itolewe vipi, Mahakama haikusema. Wanasheria wengi huona kwamba njia iliyo salama ni marekebisho ya katiba, ambayo kwa kawaida hupendekezwa kwa theluthi mbili ya kura katika kila bunge kati ya mawili ya shirikisho, kisha huridhiwa na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50.

Sitaki uichukue hoja ya Chase bila kuichunguza, kwa sababu ina udhaifu. Makubaliano yale ya kudumu ya 1781 yalitaka mabadiliko yoyote yaridhiwe na majimbo yote 13, lakini katiba ya 1787 ilisema ingeanza kutumika kati ya majimbo yatakayoiridhia yakifika 9. Waasisi wa muungano wenyewe, kwa maneno mengine, waliutoka mpango wa kudumu bila kufuata mlango wake. Hata hivyo, wapinzani wao wa 1861 hawakuwa na uthabiti mkubwa zaidi: katiba ya shirikisho jipya la majimbo ya kusini ilisema katika utangulizi wake kwamba inaunda serikali ya shirikisho ya kudumu, na haikuwa na kifungu chochote kinachotamka kwamba jimbo linaweza kujitoa. Vyovyote tuonavyo historia hiyo, hukumu ya 1869 ingali sheria kuhusu kujitenga. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Alaska iliitegemea ilipokataza pendekezo la wananchi waliotaka jimbo lao litafute njia ya kujitenga lisiingizwe kwenye karatasi za kura.

Sasa nirudi kwenye neno lako la hiari. Hoja ya mkataba hudhani kwamba jimbo lilikuwapo kwanza, kisha likajiunga. Kwa Texas ni kweli, maana ilikuwa jamhuri huru kuanzia 1836 hadi 1845. Lakini sehemu kubwa ya majimbo ya Marekani yaliyoingia baada ya yale 13 ya mwanzo yalikatwa kutoka ardhi ambayo tayari ilikuwa chini ya serikali ya shirikisho. Huko Nigeria mambo yalikwenda kinyume kabisa: tarehe 27 Mei 1967 serikali ya kijeshi ya shirikisho ilizivunja kanda 4 na kuunda majimbo 12, na leo yapo 36, yote yakiwa yameundwa na shirikisho lenyewe. Jimbo la aina hiyo haliwezi kudai kurudishiwa uhuru ambao halikuwahi kuwa nao. Na hata pale ambapo hiari ilikuwapo, sijui mfumo wa sheria za mikataba unaomruhusu mhusika mmoja kuuvunja mkataba kwa sababu tu amebadili nia, huku wenzake wamekwisha kutimiza wajibu wao.

Katiba nyingi za mashirikisho zimeufunga mlango huu waziwazi. Katiba ya Nigeria ya 1999 inasema nchi hiyo haigawanyiki wala haivunjiki. Ya Brazil inauita muungano wake usiovunjika katika kifungu chake cha kwanza. Nyingine haziutaji mlango, lakini mahakama zimeukuta umefungwa. Mwaka 2016 mwananchi mmoja wa Ujerumani aliiomba Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iamue kuhusu kura ya maoni ya Bavaria kujitenga, na majaji wakamjibu kwa mistari michache tu kwamba majimbo si mabwana wa katiba, kwamba mamlaka ya kuitunga katiba ni ya watu wa Ujerumani wote, na kwamba katiba hiyo haina nafasi ya kujitenga kwa jimbo.

Kisa cha Australia Magharibi kinastahili kusimuliwa kwa sababu kinagusa moja kwa moja sehemu ya pili ya swali lako. Tarehe 8 Aprili 1933 wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa kama wanataka kuondoka katika shirikisho la Australia, ambalo utangulizi wa katiba yake unasema halivunjiki. Takribani theluthi mbili walisema ndiyo. Siku hiyo hiyo, katika uchaguzi wa bunge la jimbo, waliiondoa madarakani serikali iliyokuwa imeandaa kura hiyo na kukichagua chama kilichokuwa kinapinga kujitenga. Serikali mpya ilipeleka ombi London hata hivyo, kwa kuwa katiba ya Australia ilikuwa sheria ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1935 kamati ya Bunge hilo ilikataa hata kulipokea ombi, ikisema kwamba haifai Uingereza kuibadili katiba ya Australia kwa maombi ya jimbo moja bila ridhaa ya shirikisho zima. Wingi wa kura ulikuwapo na haukubishaniwa. Uliokosekana ni uwezo wa jimbo moja kuamua jambo lililokuwa la wote.

Zipo pia katiba zilizotamka haki ya kutoka, na hapo ndipo somo linapokuwa gumu. Katiba ya Muungano wa Kisovieti ya mwaka 1977, katika kifungu cha 72, ilisema kila jamhuri ina haki ya kujitoa kwa uhuru. Haki hiyo ilikuwapo katika katiba zilizotangulia pia, ila hakuna aliyeandika utaratibu wa kuitumia mpaka tarehe 3 Aprili 1990, majuma machache baada ya Lithuania kutangaza kurudisha uhuru wake. Utaratibu wenyewe ulidai theluthi mbili ya wote wenye haki ya kupiga kura, kipindi cha mpito cha hadi miaka mitano, na idhini ya chombo cha juu cha uwakilishi huko Moscow. Hakuna jamhuri iliyotoka kwa kukamilisha hatua zote hizo. Zilitoka kwa sababu dola lenyewe lilikuwa linaporomoka, na mwisho wa 1991 halikuwapo tena.

Katiba ya Ethiopia ya 1995, kifungu cha 39, imeandikwa kwa uangalifu zaidi. Inawapa haki ya kujitenga watu na mataifa ya nchi hiyo, si majimbo kama majimbo, na inataja hatua: theluthi mbili ya baraza la kutunga sheria la watu husika, kura ya maoni itakayoandaliwa na serikali ya shirikisho ndani ya miaka mitatu, wingi wa kura za kuunga mkono, makabidhiano ya madaraka, kisha mgawanyo wa mali. Eritrea haikutoka kwa njia hii. Ilipiga kura yake mwaka 1993, kabla ya katiba hiyo kuwapo na baada ya vita vya miaka 30. Hakuna watu waliokwisha kuzipitia hatua za kifungu cha 39 mpaka mwisho, na ni vigumu kutotambua kwamba mtu anayeandaa kura ya maoni ya kuondoka ni yule yule anayeachwa.

Visiwa vya Saint Kitts na Nevis, shirikisho dogo kuliko yote, vilijaribu mlango wao kwa amani. Katiba ya 1983 inakiruhusu kisiwa cha Nevis kujitoa ikiwa theluthi mbili ya wapiga kura wataunga mkono. Tarehe 10 Agosti 1998 waliounga mkono walifika karibu asilimia 62. Walikuwa wengi, lakini hawakufikia kiwango, na Nevis ikabaki. Montenegro nayo ilikuwa na haki iliyoandikwa katika hati ya muungano wake na Serbia ya mwaka 2003, iliyozuia kura ya kujitoa kabla ya miaka mitatu kupita. Ilipopigwa kura tarehe 21 Mei 2006, kwa kiwango cha asilimia 55 kilichopendekezwa na Umoja wa Ulaya, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 55.5. Serbia iliukubali uhuru huo ndani ya mwezi mmoja, na sioni mfano mwingine wa siku za karibuni ambapo kifungu cha kutoka kilifanya kazi kwa usafi kiasi hicho.

Lakini jibu bora kwa swali lako, kwa maoni yangu, lilitolewa Canada, ambako katiba haisemi lolote kuhusu kujitenga. Tarehe 30 Oktoba 1995 jimbo la Quebec lilipiga kura ya maoni kwa mara ya pili, na upande wa kubaki ukashinda kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, tofauti ya kura 54,288. Serikali ya shirikisho, iliyotishwa na matokeo hayo, iliiuliza Mahakama ya Juu kama Quebec inaweza kujitenga kwa uamuzi wake peke yake. Serikali ya Quebec ilikataa kushiriki, ikisema mustakabali wa watu wake hauamuliwi na majaji, hivyo Mahakama ikamteua wakili wa kuutetea upande huo.

Uamuzi wa tarehe 20 Agosti 1998 uliwanyima wote wawili ushindi kamili. Majaji, kwa kauli moja, walisema Quebec haina haki ya kujitenga kwa uamuzi wa upande mmoja, si kwa katiba ya Canada wala kwa sheria ya kimataifa. Sababu yao ni kwamba demokrasia haiwezi kutenganishwa na kanuni nyingine zilizojengwa ndani ya katiba, yaani shirikisho, utawala wa sheria na ulinzi wa walio wachache. Wingi wa kura ndani ya jimbo moja ni wingi halisi, lakini vivyo hivyo ni wingi uliopo katika majimbo mengine na katika nchi nzima, na hakuna ulio juu ya mwingine. Hata hivyo, wakaongeza, iwapo watu wa jimbo watajibu kwa wingi ulio wazi swali lililo wazi, washirika wengine hawawezi kujifanya hawakusikia: wana wajibu wa kikatiba wa kukaa mezani na kujadiliana kwa nia njema. Wajibu huo hauahidi kwamba mazungumzo yataishia kwenye utengano. Asilimia ngapi ni wingi ulio wazi, Mahakama iliwaachia wanasiasa, na mwaka 2000 Bunge la Canada likapitisha sheria inayolipa mamlaka ya kupima uwazi wa swali na wa wingi huo.

Watakachojadiliana ni hasa yale ambayo kura ya ndiyo au hapana huyafunika: mgawanyo wa deni la taifa, mipaka, uraia, na hali ya watu walio ndani ya jimbo ambao hawataki kuondoka. Siku chache kabla ya kura ya 1995 Wakrii, wenyeji wa kaskazini mwa Quebec, walipiga kura yao wenyewe, na zaidi ya asilimia 96 wakakataa kuondolewa Canada bila ridhaa yao. Ukishakubali kwamba wingi wa watu wa eneo moja unatosha kulitoa eneo hilo, unapaswa kueleza kwa nini wingi wa Wakrii usitoshe kuwatoa wao Quebec. Sijaona mtetezi wa kujitenga kwa upande mmoja aliyelijibu hilo kwa namna inayoniridhisha.

Kuhusu sheria ya kimataifa nitasema kwa ufupi. Haki ya watu kujiamulia mustakabali wao imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa na imefafanuliwa katika maazimio ya mwaka 1960 na 1970, na inawapa uhuru kamili watu waliotawaliwa kikoloni au walio chini ya ukaliaji wa kigeni. Kwa watu wengine, haki hiyo kwa kawaida hutimizwa ndani ya nchi yao, kwa kushiriki katika serikali na kulinda lugha na utamaduni wao. Baadhi ya wanazuoni hudai kwamba watu wanaokandamizwa vibaya, wasio na njia nyingine, wana haki ya kujitenga kama tiba ya mwisho. Mahakama ya Canada iliitaja nadharia hiyo bila kuithibitisha, ikaona kwamba kwa vyovyote vile Quebec haikuwa katika hali hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba tangazo la Kosovo la kujitenga na Serbia halikuvunja sheria ya kimataifa, na tangu hapo wapo wanaoyanukuu kana kwamba yamewapa majimbo yote ruhusa. Majaji hao walisema wazi kwamba hawakuulizwa kama Kosovo ilikuwa na haki ya kujitenga, na hawakulijibu swali hilo. Kutokatazwa kutangaza jambo si sawa na kupewa haki ya kulipata.

Unauliza nani anaweza kuwazuia. Mahakama inaweza kulitamka tangazo kuwa batili, lakini haina jeshi, na majaji wa Canada walikiri kwamba utengano usio halali unaweza kufanikiwa ukitambuliwa na mataifa mengine. Walichokataa ni kwamba mafanikio hayo yangeufanya uwe ulikuwa halali tangu mwanzo. Kutambuliwa nako si jambo la kutegemewa. Biafra, iliyojitangaza kujitenga na Nigeria, ilitambuliwa na nchi tano, Tanzania ikiwa ya kwanza mwaka 1968, na Januari 1970 haikuwapo tena. Singapore ilitoka katika shirikisho la Malaysia tarehe 9 Agosti 1965 kwa makubaliano ya viongozi wa pande mbili na marekebisho ya katiba yaliyopitishwa na Bunge la Malaysia siku hiyo hiyo, na mwezi uliofuata ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Bangladesh ilitangaza kujitenga na Pakistan Machi 1971 na ikashinda vita Desemba mwaka huo. Ombi lake la uanachama lilizuiwa kwa kura ya turufu ya China mwaka 1972, na haikuingia Umoja wa Mataifa mpaka Septemba 1974, miezi saba baada ya Pakistan yenyewe kuitambua.